Pancha kwenye pikipiki ya kukodi ugenini: msumari usiuchomoe kwanza

Ukiukuta msumari kwenye tairi, uache hapohapo. Angalia rimu. Ikiwa ya spoki, karibu kila mara ndani kuna tyubu. Rimu isiyo na spoki mara nyingi haina, ila pikipiki ndogo hudanganya, kwa hiyo tazama na valvu, yaani pale pa kujazia upepo. Ya tyubu huwa na nati shingoni na hucheza ukiisukuma kwa kidole. Isiyo ya tyubu ni fupi, ina mpira mnene na imekaza kwenye rimu.

Kama hakuna tyubu, msumari wenyewe ndio kizibo. Dondosha mate juu yake: povu likitoka polepole, jaza upepo na uende taratibu mpaka kwa fundi, ukisimama kila baada ya kilomita chache kulibonyeza tairi. Ukiuchomoa bila kamba ya kuzibia tundu mkononi, umejikwamisha mwenyewe.

Mbinu hii haifai kwa tyubu (msumari huendelea kuichana kila gurudumu linapozunguka) wala kwa tundu la ubavuni. Hapo sukuma, au ita usafiri.

Kabla fundi hajagusa kitu, piga picha ya msumari ukiwa bado ndani, kisha mpigie mwenye pikipiki. Wengine hawakubali kulipia matengenezo wasiyoambiwa. Tyubu ikibadilishwa, ya zamani ondoka nayo. Na hakikisha fundi amepapasa ndani ya tairi: ncha ya mwiba ikibaki, tyubu mpya haimalizi siku.