Hii dawa naiacha lini? Namna ya kupunguza mzigo wa vidonge

Mimi ni mfamasia. Nakutana na watu dirishani. Wengi huniuliza dawa wanywe mara ngapi. Wachache mno huuliza wataiacha lini, na hilo ndilo swali ninalolisubiri.

Anza kwa kumwaga mfuko mezani: za cheti, za kujinunulia, hata mitishamba. Kando ya kila moja andika ilianza lini, nani aliiandika na kwa tatizo gani. Ukikwama kwenye tatizo, weka alama.

Kisha tafuta dawa iliyozaa dawa. Mtu ana presha, anapewa amilodipini, miguu inavimba. Anarudi kulalamikia miguu, anaandikiwa dawa ya kukojosha. Sasa anaamka usiku kucha kwenda haja, anasema usingizi umempotea, anaongezewa ya usingizi. Dawa tatu, ugonjwa mmoja! Uvimbe huo ni athari inayojulikana ya amilodipini, na kushusha dozi au kubadili dawa ya presha mara nyingi hutosha. Kwa hiyo dalili mpya ikifuata dawa mpya, ishuku dawa kwanza.

Dawa za usingizi za jamii ya diazepamu zina maelezo yake. Kwa kawaida hazifai kuzidi wiki 2 hadi 4, maana mwili huzizoea upesi. Mwaka 2016 chama cha madaktari cha American College of Physicians kilipendekeza watu wazima wenye tatizo sugu la usingizi waanzie kwenye tiba ya kubadili mazoea na mawazo, si vidonge: kuamka saa ileile kila siku, kutokaa kitandani ukiwa macho, kitanda kiwe cha kulala. Inachosha wiki za mwanzo, sikufichi. Ila kama umevimeza kwa miezi, usivikate ghafla. Unaweza kupata degedege. Hushushwa kidogo kidogo, mara nyingi asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila baada ya wiki 2 hadi 4, daktari akifuatilia.

Kwenye uraibu wa dawa za kulevya, uliza kituo cha tiba kinatoa nini zaidi ya dozi: nani atazungumza nawe, utakaa wapi, utafanya kazi gani. Miaka ya 1970 mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam. Wengi waliokuwa waraibu wa heroini kule hawakurudi kwenye uraibu walipofika nyumbani, na wengi wao hawakupata matibabu yoyote. Mazingira yana nguvu kuliko tunavyokiri sisi wa dirishani.

Lakini wanaosema methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini kama tiba, ni kubadilisha uraibu tu, hapo sipo nao. Methadoni na mwenzake buprenofini hupunguza vifo. Aliyeziacha mwili wake husahau ukali wa heroini, na kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua. Mnywaji wa pombe kali wa kila siku naye asiache peke yake chumbani: arosto ya pombe huweza kuleta degedege na kuweweseka, na hiyo ni kazi ya hospitali.

Nenda kwa daktari na zile alama zako, useme: "Ipi tuanze kupunguza, kwa hatua zipi, na nikiona nini nirudi haraka?" Andika majibu papo hapo. Punguza moja kwa wakati mmoja. Ukigusa mbili kisha ukaumwa, hatutajua ipi imeleta shida.