Mwezi mmoja kwa treni, Malindi hadi Zambia: mipango ya mume na mke waliopita miaka sitini

Anzeni kupanga kwa treni ngumu kuliko zote, TAZARA. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, haina treni ya abiria kila siku, ratiba hubadilika, na kuna nyakati huduma husimama kabisa. Pigeni simu stesheni yao ya Dar mpate tarehe iliyothibitishwa, kisha mhesabu kurudi nyuma hadi siku ya kutoka Malindi. Wengi huanza na tiketi ya Mombasa kwa kuwa ndiyo rahisi kupatikana, halafu wakakwama Dar wiki nzima wakilipia chumba. Acheni siku mbili tupu kabla ya treni hii na mbili baada yake, maana huchelewa hata siku nzima.

Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba, kusi ikivuma. Wakati wa masika maji hula tuta la reli na safari hukatwa. Ila miezi hiyo ya kusi Mbeya ni baridi kwelikweli: sweta, soksi na shuka nzito kwa kila mmoja.

Pasipoti ziwe na angalau miezi sita mbele. Cheti cha homa ya manjano ndicho kinachowakwamisha wengi mpakani. Mliokwenda Hija huenda mnacho tayari. Kitafuteni, kwani tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha hata kama kimeandikwa miaka 10. Asiyewahi kuchanjwa na amepita sitini asikimbilie sindano kabla ya kumwona daktari: kwa umri huo madhara makubwa, ingawa ni nadra, hutokea zaidi kuliko kwa vijana. Na cheti huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya chanjo.

Kutoka Malindi laleni Mombasa usiku mmoja. Anayetoka Lamu kwa basi apumzike mbili. Stesheni ya SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iko Miritini, mbali na mjini. Fikeni dakika 90 kabla ya treni kuondoka, kwa sababu mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa, halafu hupitishwa kwenye mashine, na kuinama na kunyanyua mabegi hayo kunachosha. Begi la magurudumu la kilo 10 kwa kila mtu latosha. Tiketi hukatwa kwa *639# na kulipwa kwa M-Pesa. Mkumbuke huandikwa kwa saa za kizungu: 08:00 ni saa mbili asubuhi.

Ushauri wetu ni msiende Nairobi. Pandeni treni hiyo ya saa mbili, inayosimama vituo vya katikati, mshuke Voi. Kutoka hapo gari huwafikisha Taveta na mpaka wa Holili, kisha Moshi, na mnakuwa mmeokoa msongamano wa Nairobi na barabara ndefu ya Namanga. Pumzikeni Moshi siku nne au tano. Treni ya Arusha kwenda Dar hupita hapo, nayo pia si ya kila siku. Chukueni vitanda, maana ni safari ya usiku kucha. Mkiwa Dar, SGR ya Tanzania huwafikisha Dodoma chini ya saa nne, siku tatu za kwenda na kurudi bila haraka. Stesheni yake iko katikati ya mji, ya TAZARA iko barabara ya Nyerere. Mwambieni dereva waziwazi ni ipi.

Sasa chumba cha TAZARA. Daraja la kwanza lina vitanda vinne, na kwa kawaida wanawake hulala mbali na wanaume, hata mliooana. Nunueni vitanda vyote vinne. Ni gharama, lakini hapa msibane pesa: mtalala pamoja, nyote kitanda cha chini, mabegi juu, na mlango mtaufunga kwa ndani. Bebeni maji ya kunywa lita sita, karatasi za chooni, tochi, na kopo la kutawadhia kwani bomba la behewa hukauka. Kibla kutoka Dar ni karibu kaskazini kabisa, na treni huelekea kusini-magharibi: ukitazama inakokwenda, kibla kiko nyuma kuliani. Njia ina kona nyingi, kwa hiyo dira ndogo ni bora, na asiyeweza kusimama aswali ameketi.

Dawa chukueni za wiki sita, nusu begi hili na nusu lile, pamoja na barua ya daktari yenye majina ya dawa yenyewe. Insulini isigandishwe, ifungeni kwa kitambaa chenye unyevu, mbali na dirisha. Kila saa inukeni mtembee koridoni, kwani kukaa sana huvimbisha miguu na kuweza kugandisha damu.

Mbeya ni nusu ya njia. Aliyechoka ashuke hapo, arudi Dar baada ya siku kadhaa. Wanaoendelea watafikiwa na maofisa wa uhamiaji Tunduma na Nakonde, pamoja na wabadilisha pesa: badilisheni kidogo tu na mzihesabu kabla ya kuachia zenu. Zambia saa yao iko nyuma kwa moja. Kapiri Mposhi si mahali pa kukaa. Panda basi la Lusaka, kilomita kama 200, na mrudi nyumbani kwa ndege kutoka huko, tiketi iwe ya kubadilishika tarehe.