Injini Inalia na Gari Bado Lina Dhamana: Namna ya Kuufuatilia Mlio Bila Kushika Spana

Mimi ni fundi wa injini, na malalamiko ya milio ndiyo yanayonipa kazi kuliko mengine. Kuna jambo moja ningependa kila mwenye gari jipya alielewe kabla hajafungua boneti: dhamana ikiwa hai, si kazi yako kutaja kifaa kilichokufa. Kazi yako ni kujua mlio unatokea katika hali gani hasa, ili fundi wa wakala ausikie kwa masikio yake mwenyewe, na akute injini haijaguswa na mtu. Malalamiko mengi ya haki hurudi na karatasi iliyoandikwa "hakuna hitilafu" kwa sababu tu siku gari lilipopelekwa halikulia.

Hatua ya 1: Amua kama injini inafaa kuendelea kuwaka

Taa nyekundu ya oili ikiwaka huku injini inafanya kazi, egesha na uzime papo hapo. Fanya hivyo hivyo ukisikia mlio mzito wa kugonga kutoka ndani unaozidi kila ukikanyaga mafuta. Taa ile inakuambia presha imeshuka. Beringi za krankshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) na za konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na mhimili huo) huelea juu ya utando mwembamba sana wa oili, na utando huo ukikosekana chuma husagana na chuma. Dakika chache zinatosha kuimaliza injini. Mwambie wakala alifuate gari kwa kulivuta. Ukiliendesha mpaka kwake taa ikiwa inawaka, utakuwa umempa sababu ya kusema uharibifu umeukuza wewe.

Taa ya injini ikimemeta badala ya kuwaka tu, nayo ichukulie kwa uzito. Kwa kawaida ina maana injini inamisi vibaya, yaani mafuta hayawaki sawasawa ndani ya silinda, na petroli isiyoungua inakwenda kuiharibu katalisti, kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la moshi.

Hatua ya 2: Pima oili, kisha iache kama ilivyo

Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa kwa dakika 5 hadi 10. Chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe, chomoa tena. Piga picha. Kama oili iko chini ya alama ya chini, ongeza ya daraja lile lile lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, tunza risiti, na uandike kiasi ulichoongeza. Oili pungufu peke yake inaweza kuzifanya tapeti za haidroli, vifaa vidogo vinavyosaidia kusukuma valvu, zigonge.

Usiimwage oili iliyomo. Hiyo ni ushahidi: fundi atataka kuona kama ina vumbi la chuma, na atataka filta ile ile iliyokuwa ikifanya kazi. Halafu kuna ushauri unaonisikitisha kila ninapousikia, wa kuweka oili nzito au dawa ya kunyamazisha. Injini iliyoundwa kwa oili nyepesi ya 0W-20 ukiipa nzito ya 20W-50, oili inachelewa kufika juu kwenye kamshafti (mhimili unaofungua valvu) asubuhi, na mlio uliokuwa ukikuonya unafunikwa. Zaidi ya hapo, umevunja sharti la dhamana kwa mkono wako.

Hatua ya 3: Andika tabia ya mlio

Hapa ndipo penye utajiri wote, kwa hiyo usiharakishe. Chukua daftari au simu, na kila mlio ukitokea andika mambo matatu: joto la injini, kasi ya mzunguko wake, na mzigo iliobeba.

Anza na joto. Injini ya "baridi" ni ile iliyolala usiku kucha, si iliyozimwa saa moja iliyopita. Mkwaruzo unaosikika sekunde moja hadi tatu unapowasha asubuhi, kisha ukapotea, mara nyingi unatoka upande wa mnyororo wa taimingi, ule unaoiunganisha krankshafti na kamshafti. Kifaa kinachoukaza mnyororo hutegemea presha ya oili, na presha bado haijapanda. Gia ya kamshafti inayobadilisha muda wa valvu nayo hufanya hivyo pini yake ya kufungia ikilegea. Mlio mwepesi unaodumu dakika kadhaa na kwisha injini ikipata moto unaweza kuwa gasketi ya manifoldi ya egzosi inayovujisha, kwa kuwa chuma kikipanuka hujiziba. Unaweza pia kuwa pistoni inayochezacheza kwenye silinda kabla haijatanuka.

Mlio unaotenda kinyume, yaani kimya asubuhi na kelele injini ikiwa moto, ndio ninaouogopa. Oili ya moto ni nyepesi, na beringi iliyolika hujitangaza wakati huo.

Mzigo nao unasema. Vigongo vyepesi, vikali, vinavyosikika unapopanda mlima kwa gia kubwa na kutulia ukiachia mafuta, mara nyingi ni mchanganyiko unaojilipua vibaya ndani ya silinda. Kabla ya kulalamika, hakikisha unatumia petroli ya oktani iliyoandikwa kwenye mfuniko wa tangi. Ni swali la kwanza utakaloulizwa.

Kuhusu kasi kuna hesabu ninayoipenda. Kamshafti huzunguka mara moja wakati krankshafti imezunguka mara mbili. Injini ikitulia kwenye mizunguko 800 kwa dakika, krankshafti inazunguka kama mara 13 kwa sekunde na kamshafti kama mara 6 au 7. Rekodi mlio, uucheze kwa kasi ya nusu, uhesabu. Vigongo 33 hivi katika sekunde 5 halisi vinaelekeza kwenye valvu na kamshafti, na 67 hivi vinaelekeza chini kwenye krankshafti. Isipokuwa nozeli za kupuliza petroli na moto wa silinda moja navyo hufuata nusu ya mzunguko, kwa hiyo hesabu hii inapunguza eneo la kutafuta, haitoi hukumu.

Hatua ya 4: Ondoa milio ya kawaida

Injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda hutoa tiki-tiki kali kutoka kwenye nozeli na pampu ya presha kubwa. Valvu inayovuta mvuke wa tangi nayo hugongagonga. Hiyo yote ni kazi yake. Njia bora ya kujua ni kusikiliza gari jingine la toleo lile lile, lenye injini ile ile na joto lile lile. Wakala akikuambia "ndivyo yalivyo", mwombe kwa heshima awashe jingine kando ya lako.

Hatua ya 5: Tafuta upande wa mlio

Kwanza usalama. Feni ya umeme inaweza kuanza bila taarifa hata injini ikiwa imezimwa, na gari la haibridi au linalojizima kwenye foleni linaweza kuwaka lenyewe. Nguo pana, nywele ndefu na mikufu viwe mbali na mikanda.

Sikiliza kutoka mbele, pembeni, na karibu na ardhi. Washa na kuzima kiyoyozi, zungusha usukani, uone kama mlio unabadilika. Ukibadilika, angalia compresa, pampu ya usukani au mkanda unaoviendesha. Kwenye gia ya mkono kanyaga klachi gari likiwa limesimama: mlio ukikatika, elekea kwenye beringi ya gia boksi, ukianza hapo, elekea kwenye beringi ya klachi. Mtetemo wa bati unaosikika kwenye kasi moja tu ya injini mara nyingi ni kinga ya joto ya bomba la moshi iliyolegea. Na kama mlio haupo kabisa gari likiwa limesimama hata ukikanyaga mafuta, yawezekana injini haihusiki.

Usifungue chochote. Hata kava la plastiki liache.

Hatua ya 6: Soma kodi, usizifute

Kifaa cha kusomea kodi, yaani namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari, hakina madhara, ila kitufe cha kufuta kinayo. Ukifuta, unapoteza picha ya hali ya injini iliyohifadhiwa wakati hitilafu ilipotokea. P0016, inayosema kamshafti na krankshafti hazilingani, ikiambatana na mkwaruzo wa asubuhi ni ushahidi mzito. P0300 ni kumisi kusikotulia kwenye silinda moja, kunakotokea ovyo au kwenye silinda zaidi ya moja.

Hatua ya 7: Rekodi, kisha peleka

Video iwe moja isiyokatwa: anza na dashibodi ionyeshe kilomita, joto na mizunguko, washa injini, kisha toka na simu mpaka mahali mlio unaposikika vizuri.

Kwenye fomu ya mapokezi usiandike jina la kifaa. Ukiandika "mnyororo umelegea", watapima mnyororo, wataukuta salama, na kazi itafungwa. Andika hali: "Injini ikilala usiku kucha, inakwaruza upande wa mbele kwa sekunde mbili inapowashwa; ikiwa moto hailii." Mlio ukiwa wa asubuhi, liache gari lilale hapo na waombe wasiliwashe mpaka wewe ufike. Ukiwa wa barabarani, panda pamoja na fundi na umwonyeshe. Uliza pia kama mtengenezaji ametoa taarifa ya kiufundi kuhusu mlio huo kwa injini hiyo.

Nenda na risiti zote za sevisi. Usiondoke bila nakala ya fomu yenye tarehe, kilomita na maneno yako, hata kama hawakuona kitu, kwa sababu mlio ulioandikishwa ndani ya muda wa dhamana unakupa nguvu ya kudai muda huo ukipita. Wakikataa, waombe sababu kwa maandishi na kifungu cha dhamana wanachokitegemea.