Namna ya Kuandaa Utafiti wa Homa ya Ini B kwa Wajawazito wa Pemba

Mtafiti anayetaka kujua ni wajawazito wangapi kisiwani Pemba wana virusi vya homa ya ini B hana budi kuamua mapema kama atamfuata mama peke yake au na mtoto wake pia. Ni heri awafuate wote wawili, kwani mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa hubaki na virusi hivyo kwa muda mrefu katika takriban hali 9 kati ya 10, ilhali mtu mzima mara nyingi huvishinda bila dawa.

Kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa afya Zanzibar hutangulia, kisha masheha wa shehia husika huarifiwa.

Idadi ya washiriki haibuniwi. Akikisia kwamba wajawazito 5 kati ya 100 wana virusi, na akaridhia kukosea kwa 2 juu au chini kwa uhakika wa asilimia 95, atahitaji wanawake 457. Akitarajia mmoja katika kila kumi akatae, awaalike 508. Hesabu hiyo ni ya sampuli ya nasibu isiyo na matabaka, yaani wanawake huchaguliwa mmoja mmoja kwa bahati tu. Akichagua vituo kwanza, halafu wanawake ndani ya vituo, lazima aongeze, kwa sababu wanaohudhuria kituo kimoja hufanana kwa mengi. Tena asiwasajili hospitalini siku ya kujifungua pekee, maana waliojifungulia nyumbani watamponyoka. Awasajili katika hudhurio la kwanza la kliniki, na apange ratiba akijua kuwa msimu wa karafuu huzipeleka kaya nyingi mashambani.

Ridhaa iombwe faraghani, si kwenye foleni mbele ya majirani. Mwanamke apewe nafasi ya kwenda kushauriana na wa nyumbani kwake akitaka, lakini uamuzi ni wake, na majibu hayapelekwi kwa mume wala mavyaa bila idhini yake. (Jambo hili, kwa maoni yangu, ndilo linaloamua kama wenzake watakuja wiki inayofuata.)

Kipimo cha haraka hutumia damu ya kidoleni. Anayekutwa na virusi hutolewa damu ya mshipa ili wingi wa virusi upimwe maabara. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tenofovir, dawa ya kupunguza virusi, kuanzia wiki ya 28 ya ujauzito kwa mama mwenye vizio vya kimataifa (IU) 200,000 au zaidi vya virusi kwa mililita ya damu; mwongozo wake wa 2024 unataka ianze mapema zaidi, heri katika miezi mitatu ya pili ya ujauzito. Kwa hiyo bajeti ihusishe dawa, pamoja na chanjo ya mtoto ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Kuhesabu wagonjwa na kuwaacha hivyo hivyo si utafiti wa kuruhusiwa.

Mtoto apimwe antijeni, yaani chembe ya virusi vyenyewe katika damu, akiwa na miezi 9 au zaidi. Kingamwili za mama huweza kudumu mwilini mwake hadi mwaka wa pili, hivyo zisihesabiwe kuwa ushahidi wa maambukizi. Wahudumu wa afya wa jamii ndio wanaojua aliyehamia kwa wazazi wake baada ya kujifungua, na kila mtoto asiyepatikana aandikwe pamoja na sababu yake, asifutwe kwenye daftari.