Kufunga supachaja kwenye Mark II ya zamani: hatua nilizopitia, na injini moja niliyoiua

Gereji yangu iko Mbeya, kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukiishi huku unajua jinsi gari la cc 2,000 lililotoka Dar linavyochoka likifika Uyole. Mwenye gari anakuja kulalamika kwamba plagi zimekufa au pampu imelegea, na mara nyingi gari halina ubovu wowote. Hewa ya huku ni nyepesi. Presha yake ni kama kilopaskali 82, pwani ni 101. Kwa hiyo injini inakosa karibu asilimia 19 ya hewa yake hata kabla hujaanza kuhesabu ringi zilizochakaa.

Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya nifunge supachaja, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini, kwenye Mark II yangu ya GX90, injini 1G-FE, kilomita 290,000 zikiwa zimeshaandikwa kwenye dashibodi. Sikuwa na mpango wa mashindano, nilitaka gari lirudishiwe hewa yake. Nikikuambia psi 5 (psi 1 ni kama kilopaskali 7) usione ni chache: psi 5 juu ya hewa ya Mbeya ni kilopaskali 117 kwa jumla, yaani sawa na gari lililoko pwani likaongezewa psi 2 na ushee. Injini kuukuu inabeba hilo. Anayekwambia ufunge psi 10 kwenye injini ya umri huu, muulize kwanza ya kwake iko wapi leo.

Hatua ya 1: Pima injini kabla hujanunua chochote

Pasha injini moto. Toa plagi zote sita, chomoa waya wa koili na soketi za nozeli, kanyaga mafuta mpaka mwisho, funga geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi, kisha piga stata mizunguko mitano au sita kwa kila silinda. Betri iwe imejaa, la sivyo namba zitakudanganya.

Kuna kitu wengi hawakijui: geji ya kompresheni nayo inasoma chini ukiwa milimani. Injini ambayo pwani ingesoma psi 170, Mbeya itasoma kama 138, na haina ubaya wowote. Usikimbilie ovahoo. Angalia zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Isizidi psi 15.

Nikupe mfano wa injini ninayoendesha sasa, ambayo niliinunua ya mtumba (ya kwanza tutaifikia). Silinda tano zilisoma kati ya 135 na 140. Ya nne ikasoma 118. Nikaweka kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, nikapima tena: 119. Oili ingeinua namba, kosa lingekuwa la ringi. Haikuinua, kwa hiyo hewa ilikuwa inapita kwenye vali. Nikashusha hedi, nikasaga vali, nikabadilisha vali sili zote kwa kuwa nilishafika huko, na silinda ikarudi 136. Kama ingekuwa ringi, ningeachana na habari ya supachaja mpaka injini ifunguliwe chini.

Kisha iwashe na ufungue kifuniko cha oili. Injini ikipumua kwa nguvu mpaka kifuniko kinacheza, acha. Supachaja itasukuma hewa zaidi kupita ringi hizo hizo, na oili itatafuta pa kutokea: sili ya krenki, gasketi ya kava, hata kijiti cha kupimia oili kitaruka.

Wakati huo huo maliza madeni ya zamani. Mkanda wa taiming kama hujui umefungwa lini, badilisha. Rejeta ifunguliwe na isafishwe. Termostati uliyoitoa mwaka juzi kwa sababu "inazuia maji", irudishe.

Hatua ya 2: Kutafuta supachaja yenyewe

Mimi natumia SC14 ya Toyota. Waliifunga kiwandani kwenye 1G-GZE, ndugu wa damu wa injini yangu mwenye cc zile zile 1,988, na baadaye kwenye Estima yenye 2TZ-FZE. Kwa hiyo ukitafuta kwenye mizigo ya mitumba ya Japani usiulizie Mark II tu, ulizia na Estima.

Izungushe kwa mkono. Rota mbili za ndani zizunguke laini bila kukwaruza. Chungulia kwenye tundu la hewa: rota zina rangi maalumu ya kuziba nafasi, na kama imebanduka vipande vipande, presha itakuwa inavuja ndani kwa ndani. Shika puli uitikise, isiwe na mchezo. Halafu klachi yake ni ya sumaku kama ya kompresa ya AC, ipe umeme wa volti 12 usikie "tak". Supachaja hii ina oili yake yenyewe kwenye nyumba ya gia, haichangii na injini. Niliyonunua ilikuja na oili nyeusi yenye harufu ya kuungua, nikaimwaga na kuosha kabla ya kuifunga.

Hatua ya 3: Mahali pa kukaa, mkanda na puli

Nilitoa kompresa ya AC. Mbeya, hasa mwezi wa saba, AC ya nini? (Dar nilijuta.) Nikatengeneza kitako cha chuma bapa cha milimita 10, kinachoshika bolti tatu za zamani za kompresa na moja ya ziada. Bati jembamba halifai. Linapinda ukikanyaga, mkanda unalia, na wewe unaishia kulaumu mkanda. Weka rula ndefu ya chuma usoni mwa puli zote. Zikipishana zaidi ya milimita moja, mkanda utajitafuna kwa wiki moja.

Puli ya krenki ya 1G ina mpira katikati, na ule mpira unapunguza mtikisiko wa krenki ndefu ya silinda sita. Usiipeleke ikakerezwe! Kerezesha puli nyingine ya peke yake uifunge mbele yake kwa bolti.

Hesabu ya ukubwa iko hivi. SC14 inasukuma lita 1.42 kila mzunguko. Injini ya cc 1,988 inavuta nusu yake kila mzunguko wa krenki, yaani karibu lita moja. Nilianza na puli zinazolingana, geji ikaniambia psi 6. Nikakerezesha ya supachaja iwe milimita 150 huku ya krenki ikiwa 140, ikashuka mpaka 5. Nikaishia hapo.

Hatua ya 4: Njia ya hewa

Nilihamisha throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) ikakaa kabla ya supachaja, na vali ya baipasi ikaunganisha upande wa kuingia na wa kutoka. Ukiachia mafuta, baipasi inafunguka, hewa inazunguka bila kubanwa. Ukiacha throto kwenye manifodi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) bila baipasi kubwa, siku utakapoachia mafuta ghafla presha itang'oa mpira fulani, na kwa kawaida ni ule usioufikia kwa mkono.

Kuna mipira midogo inayosahaulika. Mpira wa PCV uliokuwa unavuta mvuke wa oili sasa utapulizwa kinyume, presha iingie tumboni mwa injini, kwa hiyo weka vali ya njia moja ya chuma. Ya plastiki niliyoanza nayo iliyeyuka. Mpira wa buta ya breki (kile kikopo kinachosaidia mguu kwenye breki) una vali yake tayari, ukague na uubane kwa klampu. Mpira wa sensa ya presha lazima utoke kwenye manifodi, baada ya supachaja. Na mvuke wa oili uupitishe kwenye kopo la kukamatia kabla haujarudi kwenye njia ya hewa, maana oili ikiingia silinda inaiharakisha petroli kulipuka.

Intakula, yaani kipoza hewa, usiiache. Kwa hesabu, supachaja ya aina hii kwa presha yetu inaongeza hewa joto la nyuzi 55 hivi. Mbeya asubuhi ya nyuzi 20 unapata 75. Dar mchana unapata 90. Nilichukua intakula ya gari dogo la dizeli nikaiweka mbele ya rejeta.

Hatua ya 5: Petroli na moto

Hapa pesa itatoka. Sensa ya presha iliyotoka kiwandani inaona hewa ya kawaida tu, ikizidi pale ni kipofu, na kontroli boksi (ubongo wa umeme wa injini) itaendelea kumwaga petroli ya gari lisilo na supachaja. Nilifunga kontroli boksi ya kutuni, yaani unayoweza kupanga namba zake kwa kompyuta, yenye sensa inayosoma mpaka bar 2.5, nozeli za cc 300 kwa dakika, pampu ya lita 255 kwa saa, na sensa ya oksijeni ya kupima mchanganyiko kwa usahihi kwenye egzosti. Plagi nilichukua za baridi zaidi kwa daraja moja (kwa NGK namba kubwa ndiyo ya baridi), nafasi nikaipunguza mpaka milimita 0.7.

Ukumbuke 1G-GZE ya kiwandani ilibana hewa kwenye silinda kwa uwiano wa 8.0 kwa 1. Hii 1G-FE ni 9.6 kwa 1. Kwa hiyo usichukue namba za taiming (wakati wa plagi kupiga moto) za ile ukazimwaga kwenye hii. Mimi narudisha taiming nyuma digrii moja kwa kila psi, kisha naanza kusikiliza kama petroli inalipuka ovyo. Mchanganyiko chini ya presha nauweka kilo 11.8 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Utakula mafuta, ndiyo.

Hatua ya 6: Kuwasha

Siku ya kwanza chomoa waya wa klachi ya supachaja. Gari litavuta hewa kupitia baipasi kama gari la kawaida. Hakikisha sailensa (mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta) imetulia, hakuna mpira unaovuja, maji hayachemki. Endesha hivyo siku mbili. Kisha unganisha klachi, upandishe presha taratibu: psi 2, soma kompyuta, psi 3, soma tena. Mwenzako aendeshe, wewe usome. Usifanye vyote viwili barabarani.

Hatua ya 7: Mteremko wa Kitonga, au jinsi nilivyoiua ya kwanza

Injini ya kwanza niliituni Mbeya wiki nzima. Ilikuwa tamu. Nikaondoka nayo kwenda Dar, Makambako, Mafinga, Iringa, bila neno. Nikashuka Kitonga. Ruaha Mbuyuni jua linawaka, nikaona sindano ya geji inagusa 6. Nikadhani geji.

Supachaja ya mkanda haina psi yake ya kudumu. Inazidisha hewa iliyoikuta. Kama Mbeya inaifanya 82 kuwa 117, basi pwani ile ile 101 inakuwa zaidi ya 143. Geji ya psi 5 inakuwa 6 bila mtu kushika spana. Na kwenye jedwali langu la taiming, mistari ya juu ya kilopaskali 120 injini haikuwahi kuifikia siku hata moja ikiwa Mbeya. Nilikuwa nimeiacha na namba za kubahatisha.

Kwenye kona za Iyovi nikakanyaga kulipita lori. Nikasikia kama bisi zikianza kupasuka sufuriani, yaani petroli ikilipuka ovyo ndani ya silinda. Nikaachia, lakini nikakanyaga tena, kwa sababu lori lilikuwa bado mbele. Baada ya dakika kidogo, moshi wa bluu kwenye kioo cha nyuma. Mikumi nikafungua kopo la kukamatia oili, limejaa mpaka shingoni. Tulipoifungua Mbeya, pistoni ya tano ilikuwa imevunjika ukuta unaoshika ringi ya juu, kipande cha ukubwa wa ukucha.

Kwa hiyo kama unatunia milimani, jaza mistari yote mpaka 150 kwa uoga kabla gari halijatoka mjini: petroli nyingi, taiming nyuma. Kisha shuka na kompyuta mpaka bondeni, ukaitunie huko huko kwenye joto. Injini ya pili niliifanyia hivyo, siku mbili Ruaha Mbuyuni, nikilala gesti yenye feni moja iliyokufa.

Baada ya hapo

Oili nabadilisha kila kilomita 4,000. Mkanda naukagua kila Jumamosi. Baada ya kilomita 500 za kwanza toa plagi zote uziangalie kwa tochi: vidoa vidogo vinavyong'aa kama fedha kwenye kauri ni alumini ya pistoni, na hapo simamisha gari.

Waya wa klachi nimeupitishia fyuzi iliyo karibu na mkono wangu, chini ya usukani. Nikikuta foleni ya jua kali kuanzia Kibaha naichomoa naitia mfukoni, gari linakuwa Mark II ya kawaida mpaka siku ya kurudi.