Siku ya Mwalimu wa Kujitolea: Mwongozo kwa Anayekwenda Bwera

Anayekwenda kujitolea katika shule ya msingi ya mji mdogo kama Bwera, wilayani Kasese nchini Uganda, karibu na mpaka wa Mpondwe unaopakana na Kongo, aghalabu huwaza kwanza atafundisha nini. Mimi humshauri aanze kwa kuipanga siku yake, kwani siku isiyopangwa humchosha mwalimu kabla muhula haujafika katikati.

Ukifika, mwombe mwalimu mkuu akupeleke kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, umweleze utokako, nyumba utakayokaa na muda utakaokuwapo. Baada ya hapo jifunze salamu za Lhukonzo, lugha ya wenyeji, hata kama kila mtu anakuelewa kwa Kiswahili, maana mzazi uliyemsalimu kwa lugha yake hatasita kukufuata baadaye kuzungumza habari za mwanawe.

Maji uchote jioni na andalio la somo ulimalize kabla giza halijaingia, ili asubuhi ibaki ya kuoga, kunywa chai na kuwahi paredi. Wapo watoto waliotembea mwendo mrefu, na wengine wamekwisha kuchota maji ya nyumbani kabla ya kuja. Ukimwona mmoja anasinzia kabla ya uji wa saa nne, mwulize pembeni, kwa upole, kama jana alikula. Fimbo usiishike kabisa. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yamepiga marufuku viboko shuleni, na ukimwona mwenzako akivitumia, zungumza naye faraghani, kamwe si mbele ya wanafunzi.

Suala la lugha linahitaji uangalifu zaidi. Katika madarasa matatu ya kwanza ya shule za vijijini, mtaala unataka lugha ya mahali itumike kufundishia. La nne ni la mpito, na kuanzia la tano hutumika Kiingereza. Kiswahili ni somo, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha liwe la lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo, watoto wa Bwera hawakianzi darasani, kwa kuwa hukisikia sokoni kutoka kwa wafanyabiashara wa pande zote mbili za mpaka. Mtoto akiuliza, "Mwalimu, kitabu iko wapi?" usimkatize. Inua chaki, useme, "Chaki iko hapa," kisha inua kitabu, useme, "Kitabu kiko hapa," na uwaache wenyewe watafute darasani vitu vinavyokwenda na "iko" na vile vinavyokwenda na "kiko". Watagundua kwamba mwenzao alikuwa amepata nusu ya kanuni, naye hatanyamaza tena kwa kuogopa kuchekwa. Kiswahili cha sokoni ni mali waliyokuja nayo, na inaniuma kila ninapomsikia mwalimu akikiita kibovu.

Kwa darasa lenye watoto wengi na vitabu vichache, omba viroba vyeupe vya nailoni vilivyobaki baada ya unga au sukari. Vifue, vikate ubavuni, uvitandaze, kisha uandike silabi, jedwali la kuzidisha au picha zenye majina kwa kalamu ya wino mzito. Karatasi ya manila hulegea kwa unyevu na kuliwa na mchwa, lakini kiroba hukunjwa na kutumika miaka kadhaa. Vifuniko vya chupa za soda vinatosha kwa kuhesabia. Watume watoto wavikusanye.

Mvua kubwa huja kati ya Machi na Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Novemba, na inapopiga mabati sauti yako haifiki hata dawati la pili. Usishindane nayo. Kila siku ya msimu huo uwe na zoezi la kuandika, upite kati ya madawati na kusahihisha mkononi, kwani hapo ndipo utakapomjua yule anayejificha nyuma.

Usiku lala ndani ya chandarua, hata katika miezi ya ukavu.

Katika muhula wako wa mwisho fundisha pamoja na mwalimu wa darasa, yeye akiongoza vipindi na wewe ukimsaidia. Viroba uviache ukutani, na ufunguo wa kabati umkabidhi yeye mwenyewe mbele ya wanafunzi.