Kupanga na kurekebisha ukomo wa mwendo kwenye mitaa ya Tanga

Kwanza jua barabara ni ya nani. Ile ya kutoka Segera kupita Tanga hadi Horohoro iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Mitaa ya ndani, zikiwemo barabara za namba za Ngamiani, ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barua ikienda kusikohusika italala mezani mpaka masika yaishe. Ombi lianzie serikali ya mtaa, lipite kwenye kata, kisha lifike kwa meneja wa TARURA likiwa na vipimo. Bila vipimo, hayo ni malalamiko tu.

Kisheria, maeneo ya makazi yana ukomo wa kilomita 50 kwa saa. Kinachobaki kuamua ni mtaa gani ushuke hadi 30. Angalia kama watu na magari wanagombea nafasi moja: mlango wa shule, soko, msikiti siku ya Ijumaa, na baiskeli, ambazo Tanga hazikosekani. Kwa mwendo wa 50 gari hula karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo mtoto akichomoka mita 14 mbele, anafikiwa kabla breki haijashika. Kwa 30 ni mita 8 na kidogo.

Kupima hakuhitaji tochi ya trafiki, kile kifaa chao cha kupima mwendo. Chagua kipande kilichonyooka, mbali na makutano na angalau mita 100 kutoka kwenye tuta lolote. Pima mita 50 kwa futi ya kamba, uchore mistari miwili ya chaki. Mmoja asimame mstari wa kwanza na kushusha mkono tairi la mbele likigusa. Wa pili asimame mstari wa mwisho na saa ya simu. Gawa 180 kwa sekunde ulizopata: sekunde 3.6 ni kilomita 50 kwa saa, 4.5 ni 40, 6 ni 30. Ukichelewa kubonyeza kwa sehemu mbili za kumi za sekunde kwenye mwendo wa 50, jibu linapotoka kwa karibu kilomita 3, kwa hiyo fanyeni mazoezi kabla ya kuanza kuandika.

Msivae vizibao vya kung'aa. Dereva akiona watu wawili kando ya barabara, mmoja kashika kitu mkononi, anajua ni tochi na anapunguza. Vipimo vyote vinakuwa vya uongo. Kaeni kibarazani au nyuma ya mti.

Chukua vyombo vya moto 100 visivyobanwa na vya mbele yake. Saa ya foleni haina faida, maana huko anayeamua mwendo ni gari la mbele. Pima asubuhi wanafunzi wakienda shule, mchana, na baada ya saa tatu usiku, na uandike pikipiki, bajaji, daladala na malori kila kimoja safu yake. Panga mwendo kuanzia mdogo; namba ya 85 ndiyo unayoitafuta: madereva 85 kati ya 100 hawaizidi.

Hapa wengi hupotea. Wakikuta 48, wanasema basi ukomo uwe 50. Kwenye barabara kuu hoja hiyo ina uzito; kwenye mtaa wa watembea kwa miguu haina. Namba hiyo inakuonyesha ukubwa wa kazi iliyo mbele yako, haikuamulii ukomo. Kibao peke yake kwa kawaida hupunguza kilomita chache tu. Ukitaka 30 na umekuta 34, kibao na rangi vinaweza kutosha. Ukikuta 48, andaa bajeti ya matuta.

Tuta la duara lenye urefu wa mita 3.7 na kimo cha sentimita 10 linafaa mtaani. Yapange kila mita 60 hadi 100. Yakitawanyika zaidi, madereva hukanyaga mafuta katikati. Acha upenyo pembeni maji yapite, la sivyo tuta litageuka bwawa masika, lakini simika nguzo fupi hapo, maana bodaboda wataugeuza njia yao. Njia ya magari ya wagonjwa kwenda hospitali ya Bombo ipewe tuta pana la juu bapa, si la duara. Tuta lisilopakwa rangi usiku ni mtego, hasa kwa pikipiki.

Kibao kiwekwe kila mwanzo wa eneo, pande zote mbili za kuingilia, ukingo wake wa chini ukiwa zaidi ya mita 2 kutoka ardhini. Angalia mwarobaini na miembe: kinachoonekana leo kitafichwa na majani baada ya mvua. Chumvi ya bahari hula chuma haraka, kwa hiyo tumia bomba lenye zinki, au nguzo ya zege kama wauza vyuma chakavu wanausumbua mtaa. Kibao cha kumaliza eneo ndicho husahaulika, na dereva hajui 30 inaishia wapi.

Rudi baada ya miezi mitatu, mahali pale pale, saa zile zile. Pima upya pia shule ikifunguliwa, stendi ikihamishwa, au lami mpya ikimwagwa. Mashimo yakishazibwa mwendo hupanda hata kama hakuna aliyegusa kibao. Matuta yaliyoondolewa wakati wa kukarabati yaandikwe kwenye mkataba wa mkandarasi kuwa yatarudishwa, la sivyo hayarudi.